Anayefuta tarehe kwenye chupa ashitakiwe kwa kufuta tarehe

Wino wa tarehe ya mwisho wa matumizi uliopigwa kwenye chupa ya plastiki hauhitaji fundi kuuondoa. Kitambaa chenye thina kidogo hutosha, na mhuri wa tarehe wa kuzungusha kwa mkono, ambao maduka ya vifaa vya ofisini pale Kariakoo huuza bila kumuuliza mnunuzi anakwenda kuufanyia nini, hujaza nafasi iliyoachwa wazi. Juisi iliyobakiza wiki moja hupata miezi sita mingine. Kimiminika kilichomo hakijaguswa, kifuniko hakijafunguliwa, stempu ya kodi ni halali, alama ya ubora ni ya kweli, na kiwanda kilichotajwa kwenye lebo ndicho hasa kilichoitengeneza. Kilichobadilika ni tarakimu chache, lakini tarakimu hizo ndizo mzazi anazozitafuta kwanza anapoigeuza chupa dukani kwa Mangi, muuza duka wa mtaani, kabla ya kumpa mtoto.

Mtu aliyefanya hivyo akikutwa na katoni zake stoo, tuseme Manzese au Buguruni, ashitakiwe kwa kosa gani? Sheria zetu hazikosi vifungu vya kumbana. Tatizo ni kwamba kila kifungu kinalinda kitu chake, na kuchezea lebo kwa sehemu kubwa huchukuliwa kama njia ya kufikia kosa jingine: kukwepa ushuru, kuiga nembo ya mwenye mali, kuuza chakula kisichofaa. Mwendesha mashitaka hubaki na mzigo wa kulithibitisha hilo kosa jingine. Ninachotetea hapa ni kifungu kimoja kitakachofanya tendo lenyewe la kubadilisha, kufuta, kubandua au kufunika lebo ya kinywaji kilichokwisha kutoka kiwandani, na ambacho bado kinashikiliwa kwa ajili ya kuuzwa, kuwa kosa linalojitegemea, bila kumtaka mtu yeyote athibitishe kwamba kilichomo kimeharibika au kwamba Hazina imepoteza shilingi.

Chukua chupa moja ya nusu lita uihesabie walinzi wake. Alama ya ubora na masharti ya kilichoandikwa kwenye lebo viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ambalo tangu Julai 2019 lilirithi pia usimamizi wa usalama wa chakula na vipodozi uliokuwa mikononi mwa iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA. Stempu ya kodi ni ya Mamlaka ya Mapato, TRA. Ujazo ulioandikwa, kama kweli ni mililita 500 au pungufu yake, unaangaliwa na Wakala wa Vipimo. Nembo ya biashara imesajiliwa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA. Bidhaa bandia hufuatiliwa na Tume ya Ushindani, FCC, kwa kutumia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, Sura ya 85, ambayo umri wake unazidi ule wa Muungano wenyewe. Tukiongeza leseni ya kuuza vileo, ambayo hutolewa katika ngazi ya halmashauri chini ya Sheria ya Vileo ya mwaka 1968, tunapata taasisi sita zinazoweza kuingia kwenye duka moja kwa sababu ya chupa moja. Kila moja huuliza swali lake. Swali la nani aliigusa lebo hii na kwa idhini ya nani halina mwenyewe.

Matokeo yake huonekana kwenye ushahidi. Mkaguzi anayetaka kuonyesha kwamba kinywaji hakifai lazima achukue sampuli, aipeleke maabara, asubiri majibu, halafu akabiliane na wakili atakayesema, tena kwa haki kabisa, kwamba vipimo havikuonyesha kasoro yoyote. Soda iliyopita tarehe yake kwa wiki mbili aghalabu haina sumu. Imepungua gesi, labda na ladha. Kisheria, mshitakiwa anaweza kuonekana kama mtu aliyeuza kinywaji kizuri. Kosa alilofanya hasa ni la kuiba maamuzi ya mnunuzi, kwa kumpa taarifa aliyoitunga yeye huku ikibeba jina la mwingine, na hilo halipimiki maabara.

Marekani walilikabili jambo hili mapema, na kwa sababu zinazoeleweka. Marufuku ya pombe ilipoondolewa Desemba 1933 kwa Marekebisho ya 21 ya Katiba, mamlaka makubwa juu ya pombe yaliachiwa majimbo, na kila jimbo likajitungia utaratibu wake wa leseni, ukaguzi na lebo. Soko lilikuwa limezoea kwa miaka 13 chupa zisizo na ukweli wowote juu yake. Bunge la shirikisho likaweka juu ya sheria hizo za majimbo sheria ya usimamizi wa pombe ya mwaka 1935, na ndani yake mna kifungu ambacho ningependa watunga sheria wetu wakisome kwa utulivu. Kinakataza kubadilisha, kuharibu, kufuta au kuondoa alama, chapa au lebo yoyote ya kinywaji cha kilevi kinachoshikiliwa kwa ajili ya kuuzwa katika biashara inayovuka mipaka ya majimbo, isipokuwa pale sheria au mamlaka husika iliporuhusu. Kifungu hakiulizi kama pombe ni mbaya, wala kama ushuru umelipwa. Kinauliza kama lebo iliguswa, na kama aliyeigusa alikuwa na ruhusa.

Adhabu iliyowekwa na sheria hiyo haitishi: faini isiyozidi dola 1,000 kwa kila kosa. Nguvu yake imo kwenye kibali cha biashara, kwa kuwa msambazaji anayevunja masharti anaweza kusimamishiwa kibali au kunyang'anywa kabisa. Hapo pana funzo kwetu, sisi ambao tukichukizwa na jambo hukimbilia kuongeza miaka ya kifungo. Mwenye ghala la vinywaji Tegeta anaihesabu faini kama gharama nyingine ya biashara, sawa na mafuta ya gari. Leseni hawezi kuihesabu hivyo.

Majimbo nayo yaliendelea kubeba sehemu yao. Mwezi Mei 2013 maofisa wa jimbo la New Jersey walivamia kwa siku moja baa na migahawa 29 iliyoshukiwa kuwauzia wateja pombe ya bei rahisi kutoka kwenye chupa zenye lebo za pombe ghali. Lebo zile zilikuwa halisi, zimebandikwa na wenye viwanda wenyewe, na zilianza kusema uongo pale chupa ilipojazwa upya. Ndiyo maana sheria ya kodi ya shirikisho inakataza kujaza tena chupa ya pombe kali iliyokwisha kutumika. Sheria iliyotazama karatasi ya lebo pekee isingewagusa wauzaji wale, kwa kuwa karatasi haikuchezewa hata kidogo, na hiyo ni sababu mojawapo ya kutaka kifungu chetu kiitazame lebo pamoja na chombo kinachoibeba.

Kesi ya Rudy Kurniawan, aliyehukumiwa New York mwaka 2014 kifungo cha miaka 10 kwa kuuza mvinyo wa kughushi, hutajwa sana katika mazungumzo haya, nami sidhani inatufaa. Nyumbani kwake California kulikutwa maelfu ya lebo zilizochapwa tayari kubandikwa. Lakini wanunuzi wake walikuwa matajiri wenye mawakili na wataalamu wa kuajiriwa, na waendesha mashitaka waliweza kumtia hatiani kwa udanganyifu wa kawaida wa kutumia posta na simu kwa sababu kila chupa ilikuwa na thamani ya kuufanya upelelezi wa miaka uwe na maana. Anayenunua kichupa cha pombe kali kwenye grosari ya Tandale hawezi kuandaliwa upelelezi wa namna hiyo. Yeye anahitaji kosa ambalo mkaguzi anaweza kulithibitisha akiwa amesimama kaunta.

Kichupa hicho ndicho kinachopaswa kututia hofu kuliko tarehe za juisi. Pombe yenye methanoli huvunjwavunjwa na mwili kuwa asidi ya fomiki, ambayo hushambulia mishipa ya macho na hatimaye huua, na mnywaji hana namna ya kuitofautisha mdomoni na pombe ya kawaida. Majirani zetu wa Kenya wamezika watu wengi kwa njia hii, mwaka 2014 na tena Februari 2024 katika kaunti ya Kirinyaga. Katika tukio hilo la pili Serikali ya Kenya yenyewe ilieleza kwamba pombe iliyoua ilitokana na shehena iliyokuwa imekamatwa na kuhifadhiwa kituo cha polisi kama kielelezo, kisha ikarudi sokoni. Mjadala mwingi uliofuata ulihusu polisi wala rushwa, na ni kweli walistahili kujadiliwa. Mimi nilibaki nikifikiria zile chupa. Kielelezo kikikaa stoo kikiwa na lebo yake, kizibo chake na sura yake ya bidhaa, kinabaki kuwa bidhaa, na hukosa tu mtu wa kuifungua stoo. Sheria ya kulinda lebo haina budi kuamuru kwamba lebo za mzigo uliokamatwa ziharibiwe mara tu picha na sampuli zitakapochukuliwa mbele ya hakimu au shahidi huru, bila kungoja hukumu.

Sisi hapa tumeweka imani kubwa kwenye stempu. Kanuni za stempu za kielektroniki za mwaka 2018 zilianza kutumika Januari 2019 kwa sigara, mvinyo, pombe kali na bia, soda zikafuata mwezi Agosti mwaka huo huo, na maji ya chupa na juisi vikaingizwa baadaye. TRA ilitoa pia programu ya simu ya Hakiki Stempu, ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia kukagua alama iliyo kwenye chupa. Ni hatua kubwa, na wenye viwanda waliolalamikia gharama zake walikuwa na hoja kuhusu bei lakini si kuhusu faida ya kuhesabiwa. Ila stempu ilibuniwa kujibu swali la ushuru. Inaweza kukuambia kwamba chupa hii ilisajiliwa ikitoka kiwandani siku fulani. Haiwezi kukuambia kwamba tarehe ya mwisho iliyo chini yake ndiyo ile iliyopigwa siku hiyo, isipokuwa kama taarifa hiyo nayo imeingizwa kwenye mfumo na anayekagua ameonyeshwa. Kuunganisha stempu na namba ya toleo na tarehe ya mwisho kungeifanya simu ya mnunuzi kuwa mkaguzi wa kweli, na sioni kikwazo cha kiufundi kinachozidi kile kilichokwisha kuvukwa. Kikwazo ninachokiona ni kwamba tarehe ni ya TBS na stempu ni ya TRA.

Kuhusu msimbo wa mistari, wapo wanaoamini kwamba namba zikianzia 620 basi bidhaa imetengenezwa Tanzania na hivyo ni salama. Namba hizo huonyesha tu kwamba mwenye bidhaa alichukua namba zake kupitia GS1 Tanzania, shirika linalogawa namba hizo. Hazisemi lolote kuhusu kilichomo, na mtu anayechapa lebo ya uongo huchapa na mistari yake.

Namba ya toleo inastahili tuikalie zaidi, kwa sababu ndiyo sehemu ya lebo ambayo mnunuzi haijali hata kidogo na ambayo mfanyabiashara fulani huijali sana. Namba hiyo huifunga chupa na siku, pengine na saa, iliyotengenezwa. Kiwanda kikigundua kwamba mtambo mmoja uliingiza vipande vya kioo kwenye vinywaji kwa saa mbili, namba hiyo ndiyo inayowezesha kuondoa sokoni katoni zinazohusika bila kuondoa kila kitu. Anayeikwangua huiondolea jamii uwezo huo. Huikwangua kwa nini? Mara nyingi ni kwa sababu namba hiyo pia humwambia mwenye kiwanda mzigo ule ulikuwa umeuzwa kwa nani na ulikusudiwa nchi gani.

Mzozo huu ulifika Mahakama ya Haki ya Ulaya, na hukumu yake ya Novemba 1997 ingali na mvuto. Kampuni ya Uskochi ya George Ballantine na wenzake waliishitaki kampuni ya Kiholanzi ya usafirishaji na maghala, Loendersloot, ambayo wateja wake walikuwa wakinunua wiski mahali ilipo rahisi na kuipeleka mahali ilipo ghali, na njiani lebo zilibanduliwa ili namba za utambuzi ziondolewe, kisha zikabandikwa upya. Mahakama ilikataa kumpa ushindi wa moja kwa moja upande wowote. Ilikubali kwamba namba hizo zina kazi halali za kuwezesha mzigo wenye kasoro kurudishwa na kupambana na bidhaa bandia, na ikakubali pia kwamba mwenye chapa anaweza kuzitumia kuziba mianya kwenye mtandao wake wa wauzaji ili soko libaki limegawanywa na bei zibaki juu. Pale zinapotumiwa kwa kusudi hilo la pili, ilisema, wafanyabiashara walioumizwa wakatafute ulinzi kwenye kanuni za ushindani.

Naikumbusha kesi hiyo kwa kuwa hatari ya kifungu ninachokitetea imo humo humo. Sheria ya kukataza kugusa lebo hupendwa sana na makampuni makubwa, na si kwa sababu ya afya ya mlaji peke yake. Mfanyabiashara wa Kariakoo aliyenunua kihalali kinywaji Dubai au Afrika Kusini, akalipa ushuru wote bandarini, halafu akabandika stika ya jina na anwani yake kwa kuwa lebo ya asili haikuwa kwa Kiswahili wala Kiingereza, anaweza kujikuta ameshitakiwa na wakala aliyepewa haki ya pekee ya kuleta chapa ile nchini. Kwa hiyo kifungu kiseme waziwazi kwamba kuongeza taarifa zinazotakiwa na sheria, bila kufunika tarehe, namba ya toleo, viambato wala kiwango cha kilevi, si kosa. Malalamiko ya mwenye chapa juu ya nani alistahili kuleta mzigo yapelekwe FCC kama shauri la ushindani, kwa kuwa tume hiyo ina kofia zote mbili tayari.

Upande wa pili wa bandari hiyo hiyo kuna mzigo wa transiti. Dar es Salaam hupitisha vinywaji vinavyokwenda Zambia, Kongo, Malawi na kwingineko, na shehena iliyoandikwa kwamba ni ya kuuzwa nje inapoishia kwenye rafu za Mbagala, kitu cha kwanza kinachohitaji kutoweka ni maandishi hayo. Katika hali hiyo TRA ina vifungu vya kutosha vya forodha. Kifungu cha lebo kingewasaidia kwa namna moja tu: kukutwa na chupa zenye lebo zilizokwanguliwa, kwa wingi wa kibiashara, kungekuwa ni kosa hata pale nyaraka za forodha zilipopotea au zilipotengenezwa kwa ustadi.

Na Mangi je? Huyu ndiye ninayemhofia zaidi katika utekelezaji, kwa sababu duka lake liko barabarani na stoo ya msambazaji iko nyuma ya geti. Mwaka 1895, katika kesi ya Sherras dhidi ya De Rutzen, mahakama ya Uingereza ilimwachia mwenye baa wa London aliyemuuzia kinywaji askari aliyekuwa zamu, kinyume cha sheria, baada ya askari huyo kuvua kitambaa cha mkononi kilichoonyesha kwamba yuko kazini. Hakujua na hakuwa na sababu ya kujua, wakasema majaji, na sheria haiwezi kudhaniwa kuwa ilikusudia kumwadhibu mtu wa namna hiyo. Sheria zetu zimekulia kwenye mapokeo hayo hayo. Anayebadilisha lebo ahukumiwe kwa tendo lake, maana hakuna anayefuta tarehe kwa bahati mbaya. Anayekutwa akiiuza apewe nafasi ya kujitetea kwa risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, inayomtaja aliyemuuzia. Akiitoa, kesi ihamie kwa huyo aliyetajwa. Akishindwa kuitoa, abebe sehemu yake. Utaratibu huo ungefanya jambo ambalo kampeni nyingi za kudai risiti hazijafaulu kulifanya, yaani kumpa muuzaji mdogo sababu yake binafsi ya kuidai risiti kwa msambazaji.

Ningeomba pia mashitaka haya yasiunganishwe na Sheria ya Uhujumu Uchumi, Sura ya 200. Tumeona jinsi mashitaka yanavyopanda ngazi hadi dhamana inakuwa ngumu, na mtu aliyepaswa kulipa faini mahakamani Kisutu wiki ile ile anakaa mahabusu hadi anakubali lolote.

Chupa tupu ni sura nyingine, nami sina jawabu kamili juu yake. Watu wengi wa mji huu wanaishi kwa kuokota na kuuza chupa, kuanzia kwenye kumbi za harusi hadi dampo la Pugu Kinyamwezi, na kazi yao huufanya mji uwe safi kuliko bajeti ya manispaa inavyoweza. Sehemu ya chupa hizo husagwa, nyingine hurudishwa kiwandani, na nyingine hujazwa asali, mafuta ya alizeti au sabuni ya maji bila kumdhuru mtu. Zipo pia zinazonunuliwa kwa bei ya juu kuliko kawaida kwa sababu lebo haijachanika na kizibo kipo. Bei hiyo ya juu ndiyo dalili. Kuwalazimisha waokotaji wabandue lebo ni kuwatwisha mzigo wasio na malipo yake, lakini baa na hoteli zenye leseni ya vileo zinaweza kabisa kuwekewa sharti la kukwangua lebo na kutenganisha vizibo vya chupa za pombe kali kabla ya kuzitoa nje, na sharti hilo likaandikwa ndani ya leseni yenyewe. Hapa kubandua lebo kungekuwa wajibu, kwa kuwa kinywaji kimekwisha kunywewa na hakuna tena kinachouzwa.

Na wakati huo huo tumejipunguzia kinga moja. Kanuni za mazingira za mwaka 2022 zilipiga marufuku zile ngozi nyembamba za plastiki zilizokuwa zikivishwa juu ya kizibo cha chupa ya maji. Kama suala la taka, uamuzi ulikuwa sahihi, kwani mitaro yetu inajua ngozi zile zilikokuwa zikiishia. Kwa mnunuzi aliyekwama foleni ya Ubungo, hata hivyo, kimebaki kipete cha kizibo kinachokatika chupa inapofunguliwa mara ya kwanza, na kipete hicho mtu mwenye uvumilivu anaweza kukirudisha kwa gundi. Kama mamlaka za mazingira na za viwango zingezungumza meza moja, marufuku ingeambatana na sharti la kipete kisichorudishika.

Kuna somo la nyumbani ambalo kila mwenye gari wa Dar es Salaam analikumbuka. Uchakachuaji wa mafuta uliposhamiri, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza mwaka 2010 kuweka vinasaba, yaani kemikali za utambulisho, kwenye mafuta ili yaliyochanganywa yaweze kubainika kituoni. Vinasaba vilisaidia. Lakini mwaka uliofuata Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa hadi tofauti ya bei kati yake na dizeli ikakosa maana, na hapo ndipo kuchanganya kulipokoma kuwa na faida ile ya zamani, ingawa familia zilizotumia vibatari na majiko ya mafuta ya taa zililipa gharama ambayo haikuzungumzwa vya kutosha. Lebo za pombe kali huchezewa pale ambapo pengo kati ya gharama ya kimiminika na bei ya chupa iliyolipiwa ushuru ni kubwa, na kila bajeti inapolipanua pengo hilo, kazi ya mkaguzi huongezeka. Sisemi ushuru wa pombe ushushwe. Nasema Wizara ya Fedha inapoupandisha, itenge pia fedha za ukaguzi utakaohitajika, katika bajeti hiyo hiyo.

Kifungu chenyewe kinaweza kukaa ndani ya Sheria ya Viwango, Sura ya 130, ambako masharti ya lebo yapo tayari, na wakaguzi wa FCC, TRA na halmashauri wapewe mamlaka ya kukitumia bila kusubiri kuombana barua. Kitaje vinywaji vyote, vya kilevi na visivyo vya kilevi, kwa sababu mtu anayefuta tarehe ya juisi hatumii thina tofauti na ya mwenzake wa mvinyo. Kiruhusu kubandika lebo upya kwa kibali, maana makosa ya uchapaji hutokea na si busara kumwaga maelfu ya lita za kinywaji kizuri kwa sababu anwani ilikosewa. Na vibali hivyo viwekwe kwenye daftari la wazi katika tovuti ya TBS, vikitaja bidhaa, namba ya toleo, kilichobadilishwa na sababu yake, ili mwenye duka anayeletewa katoni zenye stika juu ya stika aweze kulinganisha kabla hajalipa, na mkaguzi atakayepita wiki inayofuata aangalie daftari hilo hilo kabla hajaanza kuandika faini.